Kano ya Mbele ya Goti Imekatika: Upasuaji wa Mapema au Mazoezi Tiba Kwanza?

Mchezaji anageuka ghafla kumkwepa beki, mguu wa kukanyagia unabaki umenasa kwenye nyasi huku kiwiliwili kimeshaelekea upande mwingine, na ndani ya goti inasikika sauti kama ya kijiti kinachovunjwa. Hakuna aliyemgusa. Anaanguka, anainuka, pengine anajikongoja mwenyewe hadi pembeni ya uwanja, na baada ya saa mbili goti limevimba kiasi kwamba pia yake, ule mfupa wa duara wa mbele ya goti, haionekani tena. Aliyekaa kwenye soka la mchangani, netiboli au mpira wa kikapu kwa miaka kadhaa ameshaliona tukio hili, na mara nyingi jeraha lenyewe ni kukatika kwa kano ya mbele ya msalaba, ile ambayo madaktari huitaja kwa herufi tatu tu: ACL.

Mimi lilinikuta goti la kushoto nikiwa na miaka 26. Wiki niliyopata majibu ya MRI, ile picha inayoonyesha ndani ya goti, nilipewa ushauri wa aina mbili usiopatana: hospitali moja ilitaka nilipie upasuaji ndani ya siku kumi, na mtaalamu wa fiziotherapia (mazoezi tiba) wa hospitali nyingine akaniambia nifanye mazoezi kwa miezi mitatu kwanza, ndipo tuzungumze habari za kisu. Kila mmoja alikuwa na hakika yake, lakini hakuna aliyenikalisha chini akanieleza ni kwa vigezo gani mtu huamua. Namwandikia aliyekaa leo nilipokaa mimi siku ile, goti limefungwa bandeji na bahasha ya picha iko mapajani.

Kwanza hakikisha kwamba una nafasi ya kuchagua

Si kila goti linaruhusu kusubiri. Kama goti limejifunga, yaani halinyooki kabisa kwa sababu kipande cha menisko (ile gegedu yenye umbo la mwezi mchanga inayokaa kati ya mifupa) kimepinduka na kukwama, mwone daktari bingwa wa mifupa mapema, kwa kuwa menisko inayoweza kushonwa hupona vizuri zaidi ikishughulikiwa kabla haijasagika. Ni vivyo hivyo kama kano zaidi ya moja zimekatika au mfupa umevunjika. Na kama goti lilitoka mahali pake, au mguu chini ya goti umekuwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, hiyo ni dharura ya saa ileile, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti unaweza kuwa umeumia.

Kwa waliobaki, yaani wenye kano ya mbele iliyokatika bila matatizo hayo, uchaguzi upo kweli. Nitalinganisha njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa mapema, unaofanywa ndani ya wiki au miezi michache baada ya jeraha, ambapo daktari hupitia matundu madogo na kujenga kano mpya kwa kipandikizi, yaani kipande cha kano kinachochukuliwa sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ya pili ni mazoezi tiba yenye mpangilio kwa miezi mitatu au zaidi, huku mlango wa upasuaji ukiachwa wazi kama goti litakataa kutulia. Zingatia neno mpangilio: kukaa nyumbani na kungojea uvimbe uishe hakumo katika njia hizi mbili.

Vigezo vyangu ni vitano: utulivu wa goti, uwezekano wa kurudi uwanjani, gharama pamoja na kazi inayokulisha, hatari za njia yenyewe, na hali ya goti miaka kumi au ishirini ijayo.

Utulivu wa goti

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine. Kazi ya kano ya mbele ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na usizunguke kupita kiasi chini ya fupa paja. Ikikosekana, goti linaweza kuachia: unashuka kwenye daladala, unakanyaga ukingo wa lami, na kwa nukta moja mguu unakuwa kama si wako. Maumivu ya tukio hilo hupita, lakini kila goti linapoachia, menisko na gegedu vinaweza kubanwa na kuchanika, na gegedu ikishaharibika hairudi kirahisi.

Upasuaji hurudisha kizuizi chenyewe. Daktari akiuvuta muundi kwa mikono katika kipimo kiitwacho Lachman, mfupa ambao awali ulikuwa unateleza sasa unagota. Kwa goti ambalo limekuwa likiachia kwa miezi mingi, ushahidi unaegemea huku: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 316 waliokuwa na magoti yasiyotulia tangu zamani, ulionyesha kwamba waliopangiwa upasuaji walikuwa na hali bora baada ya miezi 18 kuliko waliopangiwa mazoezi.

Goti jipya lina habari tofauti. Misuli ya nyuma ya paja huuvuta muundi kurudi nyuma, na ikifundishwa kuamka kwa wakati inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kano. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, nusu yao wakafanyiwa upasuaji mapema na nusu wakaanza na mazoezi. Baada ya miaka 2 hali za magoti yao hazikutofautiana, na hata ilipotimia miaka 5, karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamehitaji kisu kabisa. Nusu nyingine walikihitaji, na hilo lisifichwe. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2021 ulipata mgawanyo uleule wa nusu kwa nusu, ingawa ndani yake waliowahi upasuaji walikuwa mbele kidogo katika maelezo yao wenyewe kuhusu magoti yao. Jambo moja la kushangaza lilijitokeza baadaye katika picha za MRI za washiriki wa Sweden: kati ya 30 waliotibiwa kwa mazoezi pekee, 16 walionyesha dalili za kano kuungana tena. Hiyo si ahadi kwa mtu yeyote, ila inatosha kuacha kusema kwamba kano iliyokatika haiungi kamwe.

Picha ya siku ya kwanza haiwezi kukuambia uko katika nusu ipi. Goti lenyewe ndilo husema, baada ya kupewa nguvu. Mimi nilianza na mazoezi, goti likaachia mara tatu ndani ya miezi sita, nikafanyiwa upasuaji mwezi wa saba. Mwenzangu wa timu moja, aliyeumia msimu uleule, hajawahi kuingia chumba cha upasuaji na hadi leo anakimbia kilomita kumi kila Jumamosi.

Kurudi uwanjani

Mashabiki wengi wa Tanzania wanakumbuka kwamba Mbwana Samatta alisajiliwa Aston Villa mwezi Januari 2020 baada ya mshambuliaji Wesley kuumia goti kule Burnley tarehe 1 ya mwezi huohuo. Wasichokumbuka wengi ni kwamba Wesley, akiwa na madaktari na vifaa vya klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, alikaa nje zaidi ya mwaka mzima. Nakitaja kisa hicho kwa ajili ya yule anayeahidiwa kwamba akifanyiwa upasuaji leo atacheza baada ya miezi minne.

Kwa wanaofanyiwa upasuaji, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba takriban watu 8 kati ya 10 hurudi kwenye mchezo wa aina fulani, lakini wanaorudi kwenye mashindano ni zaidi kidogo ya nusu. Kipandikizi kinapokuwa ndani ya goti hupitia kipindi cha kulegea, hasa kuanzia wiki ya sita, kabla mwili haujakijengea mishipa yake ya damu, na hatari ni kwamba kipindi hicho ndicho mgonjwa anapojisikia amepona. Watafiti wa Norway na Marekani walichapisha mwaka 2016 matokeo ambayo kila kocha angefaa kuyajua: kila mwezi mtu anaochelewa kurudi kwenye michezo ya kugeuka ghafla, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Vijana walio chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani ndio wanaoumia tena zaidi, karibu mmoja kati ya 4, ama goti lilelile ama la pili.

Wanaoanza na mazoezi wanaweza kurudi mapema zaidi kwenye mbio za kunyooka, baiskeli, kuogelea na kunyanyua vyuma, kwa kuwa hakuna kidonda wala kipandikizi cha kusubiri. Kwenye soka, kikapu na mpira wa mikono mambo ni magumu zaidi, ingawa si kwamba haiwezekani: DeJuan Blair alicheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, akiwa na San Antonio Spurs huku magoti yake yote mawili hayana kano ya mbele. Mfano huo usichukuliwe kuwa ruhusa, kwa sababu watu wa namna yake ni wachache.

Gharama na kazi inayokulisha

Hapa ushauri mwingi unaotoka nje hautusaidii, kwa sababu unamchukulia mgonjwa kama mtu mwenye bima kamili na likizo ya ugonjwa. Unapopewa bei ya upasuaji, uliza kama ndani yake mna skurubu za kushikilia kipandikizi, kitanda, dawa, magongo, na zaidi ya yote fiziotherapia ya miezi inayofuata. Nimewaona vijana waliochangiwa na mtaa mzima hadi hela ya upasuaji ikatimia, kisha wakakosa nauli ya kwenda mazoezini mara mbili kwa wiki, na goti likaganda likiwa limepinda. Kama bajeti yako inamalizika siku ya upasuaji, bado haijatosha. Bima nazo hutofautiana. Waombe wakuandikie idadi ya mahudhurio ya fiziotherapia wanayolipia.

Hesabu pia siku za kukosa kazi. Anayekaa ofisini anaweza kurudi baada ya wiki chache. Fundi ujenzi anayepanda ngazi na zege begani atakaa miezi. Dereva wa bodaboda aliyefanyiwa goti la kushoto ajue kwamba mguu huo ndio wa gia, na ndio wengi wanaoutegemeza chini pikipiki inaposimama na abiria wawili nyuma.

Njia ya mazoezi ni nafuu mwanzoni na inakuacha ukifanya kazi nyingi nyepesi, ila ina gharama yake iliyofichika: kama utaishia kwenye upasuaji, utakuwa umelipa vyote viwili, na muda wa kupona unaanza kuhesabiwa upya. Hata hivyo miezi ile haipotei bure, kwa maana goti linaloingia kwenye upasuaji likiwa halina uvimbe, linanyooka kikamilifu na paja lake lina nguvu, hutoka na matokeo bora kuliko lililopelekwa limevimba.

Hatari za kila njia

Upasuaji una hatari zake: maambukizi, ambayo hayatokei mara nyingi lakini ni mazito yakitokea, damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, goti kukakamaa, na ganzi pembeni ya kovu. Kuna jambo moja ambalo madaktari wetu hawalizungumzi vya kutosha na wagonjwa. Kipandikizi kinaweza kutoka kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti, au kwenye kano za misuli ya nyuma ya paja. Cha chini ya pia kinasifika kwa uimara, lakini huacha maumivu ya kupiga magoti kwa watu wengi zaidi. Kwa anayesujudu mara tano kwa siku, anayepiga magoti kanisani, anayepanda mpunga au anayepiga deki sakafu, hilo ni jambo la kila siku, na ni haki yake kuulizwa kabla ya kisu. Cha nyuma ya paja hupunguza tatizo hilo lakini huacha udhaifu wa kukunja goti, na kwa vijana wanaocheza sana kimeonekana kukatika mara nyingi zaidi. Mwambie daktari unavyoishi, naye akuambie kwa nini anapendelea kimoja.

Hatari ya kuanza na mazoezi ni moja kubwa: goti kuachia ukiwa bado unaamini litatulia. Wanaochoma sindano ya kuua maumivu ili wacheze fainali ya mtaa wanajiweka katika hatari ya kuharibu menisko. Goti likiachia mara moja, punguza shughuli na umweleze mtaalamu wako. Likiachia tena na tena licha ya mazoezi ya kweli, limeshatoa jibu.

Goti la miaka ijayo

Kwa kigezo hiki njia hizi mbili zinakaribiana. Goti lililowahi kukatika kano lina uwezekano mkubwa zaidi wa kusagika mtu akifika umri wa makamo, na upasuaji haujathibitika kuondoa hatari hiyo. Kinachosogeza mizani zaidi ni menisko kubaki nzima, paja kuwa na nguvu, na uzito wa mwili kudhibitiwa.

Mazoezi ambayo njia zote mbili zinayapitia

Nilichelewa kuelewa kwamba nilikuwa nachagua mahali pa kuanzia tu, maana barabara iliyobaki ni moja.

Wiki mbili za mwanzo, iwe baada ya jeraha au baada ya upasuaji, kazi kubwa ni kunyoosha goti na kuamsha paja. Kaa kitandani, weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, kisha lisukume goti chini kuelekea godoro huku ukikaza msuli wa mbele ya paja na kuhesabu hadi tano. Tazama pia ya goti: inapaswa kupanda juu kidogo kila unapokaza. Isiposogea, msuli haujaamka, na hakuna zoezi kubwa zaidi litakalosaidia kabla huo haujaamka. Linganisha nafasi iliyobaki chini ya goti bovu na ya goti zima. Tofauti ya upana wa vidole viwili inatosha kukufanya uchechemee. Goti lililovimba lisikandwe kwa nguvu wala kuvutwa na yeyote, hata awe mzoefu kiasi gani.

Baada ya hapo huja kuchuchumaa nusu ukiwa mbele ya kiti, kupanda na kushuka ngazi moja, baiskeli, na kusimama kwa mguu mmoja. Nyumbani mtu anaweza kufika mbali kwa dumu la lita 20 lililojaa maji, ambalo ni kilo 20, au begi la mgongoni lenye mchanga. Hata hivyo ukomo upo: paja la mchezaji halirudi kwa uzito mwepesi, na ifikapo mwezi wa tatu au wa nne wengi huhitaji vyuma vya jimu, hasa mashine ya kusukuma kwa mguu mmoja. Mazoezi ya mchanga wa ufukweni, ambayo wengi huyakimbilia kwa kudhani ni laini, yasubiri, kwa sababu mchanga hauna usawa na goti lisilo na kano halijui mguu utatua wapi.

Kuruka na kutua hufuata, kisha kugeuka ghafla, kisha mpira pamoja na wenzako bila kugongana, na mashindano ndiyo ya mwisho. Kipimo cha kupanda hatua kisiwe kalenda pekee. Inuka kwenye kiti kwa mguu mmoja mara nyingi uwezavyo, hesabu, kisha rudia kwa mguu wa pili. Ruka mbele kwa mguu mmoja na upime umbali kwa futi. Mguu ulioumia ukiwa chini ya asilimia 90 ya mzima, bado.

Kulingana na hali yako

Kama una miaka 18 au 20, unacheza soka, kikapu au netiboli ya ushindani na umedhamiria kurudi kwenye ngazi hiyo, upasuaji wa mapema una hoja nzito upande wako, kwa sharti kwamba umeshahakikisha miezi 9 ya mazoezi baada yake. Wanawake wakumbuke kwamba katika michezo hii kano yao hukatika mara nyingi zaidi kuliko ya wanaume, kwa hiyo mazoezi ya kutua na kugeuka ni ya magoti yote mawili.

Kama unacheza mara moja kwa wiki kwa afya, au uko tayari kuhamia mbio, kuogelea au baiskeli, anza na mazoezi bila hofu kwamba unapoteza wakati.

Kama kazi yako ni ya ngazi, mizigo au pikipiki na familia inakutegemea, uamuzi unafuata utulivu wa goti kazini. Goti linalotulia baada ya miezi mitatu linakuepusha na miezi ya kukosa kipato. Goti linaloachia ukiwa juu ya jukwaa la ujenzi ni hatari ya kifo, na hapo upasuaji hauhusiani tena na michezo.

Kama goti lako lina mwaka au zaidi likiachia, na mazoezi uliyafanya kwa dhati, muda wa kujaribu umeshapita. Tafuta hospitali yenye upasuaji wa matundu, kama Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili kwa walio Dar es Salaam, na uombe kuonana na daktari wa viungo.

Kama hela ya upasuaji haipo na goti halitulii, acha kwanza michezo ya kugeuka ghafla, endelea na mazoezi ya paja siku tatu au nne kwa wiki, na uanze kuweka akiba ukihesabu fiziotherapia humo humo.

Na kama bado hujui uko wapi kati ya hao, nunua daftari leo. Kila siku ya mazoezi andika tarehe, uvimbe wa goti ukilipima kwa futi ya kamba ya fundi cherehani katikati ya pia, idadi ya kuinuka kwenye kiti kwa kila mguu, na kila mara goti lilipoachia pamoja na ulichokuwa unafanya. Baada ya wiki kumi na mbili lipeleke kwa daktari pamoja na ile bahasha ya MRI, na umwombe asome daftari kwanza.